Mpaka wa Maji ya Zamani

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika, na wewe ukanijibu habari za hali ya hewa. Sikio lako la kushoto limestaafu kabla yako. Ndiyo maana naandika.

Nina habari ya kinamasi chetu. Unakumbuka walivyochimba mifereji kukikausha, wakasema tutalima mpaka tuchoke kuvuna. Tulivuna misimu minne. Tangu hapo ni vumbi. Kisima cha nyumbani sasa tunateremsha kamba ya pima kumi na moja, na ndoo inarudi na matope. Mwanangu, Pacha mkubwa, anataka nifunge nyumba nihamie kwake mjini. Nimemwambia asubiri kidogo, nitakueleza kwa nini.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye darasa la shule ya msingi, tukabanana kwenye madawati ya watoto. Aliyekuja kuzungumza ni mkurugenzi wa mazingira wa serikali. Unamjua. Ni Fimbo, kijana wako wa kazi, aliyekuwa akikushikia fimbo ya vipimo majini wakati wewe uko ukingoni na darubini yako. Sasa ana mvi na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Alisema serikali haina uwezo wa kuziba mifereji yote peke yake. Kiwanda cha vinywaji kule chini na kampuni ya umeme wanao uwezo, na wanataka mto usikauke. Mama mmoja nyuma akauliza, "Sasa kama wanao, wanangoja nini, posa?" Watu wakacheka. Fimbo akasema, "Ndiyo mama, wanangoja mshenga. Serikali ndiyo mshenga. Mshenga hatoi mahari, lakini akisema uongo ndoa inavunjika."

Akataja kazi za mshenga huyo. Atatunga sheria kinamasi kibaki mikononi mwa kijiji. Matete yatakayopandwa yakifa mwaka wa kwanza, hasara ya mwanzo ataibeba yeye, wenye mitaji wasikimbie. Na atathibitisha maji ya zamani yalifika wapi, kwa sababu hakuna mtu anayelipia kurudisha kitu ambacho hakijulikani kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Hapo pa mwisho ndipo tunapokwama. Mabonde mawili yanagombea dhamana ya serikali mwaka huu, na litapata moja. Bonde la pili lina picha zilizopigwa kutoka angani zamani. Sisi tuna madaftari yako ya vipimo tu. Yakifika mezani kwa Fimbo kabla ya tarehe 30 Juni, tumo. Yasipofika, mimi nafunga nyumba.

Uliyabeba ulipoondoka. Nilikuona ukiyafunga.

Mdogo wako,
Mama Pacha

*

22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Madaftari yalipotea. Tulivuka mto kwa miguu, sanduku likalowa, wino ukawa maji. Nilibaki na jalada moja, nalo nililitumia kuwashia moto. Usinilaumu, kulikuwa na baridi.

Nimefurahi kusikia kwamba Fimbo ni mkurugenzi. Namkumbuka. Alikuwa hajui kugawanya kwa saba. Nilimfundisha kwa kokoto.

Ila niseme neno moja kama mtu aliyewahi kuitumikia wizara hiyo. Serikali iliyochimba mifereji ndiyo hii hii inayokuja leo na mchumba mkononi. Wafanyabiashara hawapendi bata, wala matete. Muulize mshenga wenu siku kiwanda kikitaka maji mengi kuliko kinamasi kinavyotoa, atasimama upande gani.

Alikuja nyumbani pia, au aliishia shuleni? Kama alikuja, alikaa wapi?

Kaka yako

*

14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa madaftari. Nilipomwambia Fimbo alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakusema neno baya.

Swali lako la kiwanda nilimpelekea. Amejibu kwamba ndiyo sababu anataka sheria iandikwe kwanza kabla ya mtu kuleta hata koleo, na kwamba serikali ikiwaachia wafanyabiashara shughuli yote itakuwa imemwachia fisi bucha. Alisema pia, "Kaka yako angekuwepo angeuliza hivyo hivyo." Nikajisikia vizuri kusikia unatajwa.

Nyumbani alikuja. Huja kila akipita huku, tangu miaka ile baada ya wewe kuondoka. Kwenye barua za zamani sikukuandikia hilo, sijui kwa nini. Labda nilijua. Baba alipolala kitandani miezi saba, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza. Paa la jikoni ameliezeka mara mbili, kwa mikono yake, cheo kikiwa mfukoni. Akija hukaa kwenye kiti cha Baba, kile chenye mikono, maana ndicho pekee ambacho hakiyumbi. Mguu wake aliupiga msumari yeye.

Anatafuta wazee wa kutoa ushahidi wa maji, lakini wanabishana. Mmoja anasema yalifika kwenye mkuyu, mwingine anasema hapakuwa na mkuyu. Kaka Fimbo anasema wenye mitaji hawawezi kukubali ushahidi wa namna hiyo, na yeye hawezi kuutia muhuri.

Kama kuna chochote unachokumbuka, andika.

Mdogo wako,
Mama Pacha

*

1 Aprili

Mdogo wangu,

Kaka Fimbo.

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Nakaa ghorofa ya tatu, dirisha langu linatazama ukuta. Kitanda, meza, rafu ya vitabu, na chini ya kitanda sanduku. Watu wa hapa wananiita Mzee wa Ramani kwa sababu nilipanga ramani kwenye maktaba ya chuo miaka ishirini na mbili. Hakuna anayeniita kaka. Nilidhani jina hilo limewekwa mahali, linanisubiri, kama koti la mtu aliyesafiri. Kumbe limevaliwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sikujua kwamba wanazungumzia kiti.

Nani alitembea kinamasi kile kabla mfereji wa kwanza haujachimbwa? Nani aliandika kwa wizara kwamba kukikausha ni kuua mto, hadi akaambiwa achague kati ya kunyamaza na kuondoka? Mimi. Yeye alinyamaza. Alishika fimbo wima na mdomo wima, akapanda cheo ngazi kwa ngazi, na leo anazungushwa na gari la serikali kuhubiri mahubiri yangu. Mimi niliyasema yakanifukuza. Yeye anayasema yanampatia kiti cha baba yangu.

Nikumbuke nini? Nakumbuka kila kitu. Tarehe 17 Aprili ya mwaka wa mwisho, kigingi cha nne, maji yalisimama mita moja na sentimita arobaini na mbili, na kigingi cha tano mita moja na thelathini na nane, upepo ukitoka mashariki. Mwambie mkurugenzi ajaribu kukumbuka hayo.

Kaka yako (wa kuzaliwa)

*

20 Aprili

Kaka,

Mtu ambaye madaftari yake yamelowa miaka thelathini na moja iliyopita hakumbuki sentimita wala upepo.

Barua yako sijamwonyesha mtu yeyote. Sitakuandikia tena mpaka uamue. Zimebaki siku sabini na moja, na posta inachukua siku kumi na saba au zaidi. Hesabu unazijua kuliko mimi.

Unajua hata Baba alikuwa akimwita Fimbo kwa jina lako? Mwishoni kabisa, akili ilipochoka. Alikuwa akimshika mkono na kusema, "Umerudi." Fimbo hakuwahi kumsahihisha. Alikuwa akijibu, "Nimerudi, Baba." Sikutaka kukuambia. Sasa nimekuambia, kwa sababu nimekasirika.

Mama Pacha

*

9 Mei

Kwa kaka yangu Mpimaji,

Shikamoo. Ni mimi, mshika fimbo wako. Anwani nimempokonya dada, usimgombeze.

Dada aliniambia madaftari yalipotea. Mwezi uliopita nilipomwuliza tena aligeuza mazungumzo, na mimi sikuendelea, kwa sababu namheshimu. Nakuandikia endapo tu yapo mahali fulani, kwa mtu fulani. Kama yapo, kuna jambo ambalo unapaswa kulijua kabla hayajafika mezani kwangu, maana nitakayetia muhuri ni mimi, na muhuri wa serikali ukikaa juu ya uongo, safari nyingine mwenye mtaji atakayekuja hapa atakuja na mwanasheria tu bila koleo.

Vipimo vya kigingi cha saba, msimu wote wa mvua wa mwaka wa mwisho, si sahihi. Kosa ni langu. Pale palikuwa na ruba kuliko mahali pote. Ulikuwa ukinipigia kelele, "Zamisha hadi chini!" na mimi nilikuwa nikisimamisha fimbo juu ya kiatu changu cha mpira, nipate kuichomoa haraka. Wewe ulikuwa ukingoni, ukiona namba kwenye darubini. Kiatu hukukiona. Kwa hiyo maji yalisomeka mafupi kwa unene wa mguu wangu. Nimepima kiatu cha aina ile, na mguu ndani yake. Ni sentimita tisa. Kwenye ardhi tambarare kama ile, sentimita tisa ni hatua mia tatu za bonde.

Nimelibeba hilo muda mrefu. Ulikuwa na fahari na madaftari yale kama mtu mwenye watoto waliofaulu. Ningekuambiaje?

Kwenye cheti cha vipimo jina lako litakuwa la kwanza. Langu litakuwa chini yake, kama mshika fimbo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Dada anajikaza, lakini ameshaanza kugawa kuku.

Wako,
Fimbo

*

27 Mei

Kwa Mkurugenzi,

Barua yako nimeipata.

Nilikufundisha kusimama, kusoma, kuandika namba bila kufuta. Leo, baada ya kukalia kiti, kuliezeka paa na kuitwa kaka, unataka pia kunisahihisha vipimo. Sasa umebakiza nini?

Kigingi cha saba ni sahihi. Sisemi madaftari yapo. Nasema kwamba kama yangekuwepo, yangekuwa sahihi, na mtu aliyeyaandika angeweza kuthibitisha hivyo mwenyewe bila msaada wa kiatu.

Mpimaji

*

24 Juni

Mdogo wangu,

Pamoja na barua hii kuna furushi. Ni madaftari sita. Hayakulowa kamwe. Niliyavusha mto kichwani, nimeyafunga kwa koti la mvua, na miaka yote hii yamekaa chini ya kitanda changu nikiyapangusa vumbi kila Jumapili.

Fimbo aliponiandikia habari ya kiatu, niliapa nitamwumbua. Nilitoa kigingi cha sita na cha nane, nikavilinganisha na cha saba, siku kwa siku, mvua kwa mvua. Nilikwenda maktaba nikaazima karatasi za kuchorea. Msichana wa zamu aliniuliza, "Mzee, unafanyia mtihani?" Nikamwambia ndiyo. Nilichora mistari wiki nne. Nilikuwa natafuta siku moja tu ambapo kigingi cha saba kinakubaliana na wenzake, nimwandikie yule mtu kwamba ni mwongo.

Haipo. Kila siku ya mvua ni tisa. Mara moja tu ni kumi na moja, nadhani siku hiyo alivaa soksi mbili.

Niliandika bila kufuta miaka minne, na sikuona kwamba kijana aliyekuwa mbele ya darubini yangu anaogopa. Nilikuwa nikisoma namba.

Najua leo ni tarehe gani. Najua posta ni siku kumi na saba. Wiki nne ningeweza kuzitumia kutuma, nikazitumia kushindana. Pengine wizara itasogeza siku. Serikali husogeza siku, mimi niliitumikia.

Mpe yeye mkononi.

Kaka yako

*

14 Julai

Kaka,

Shikamoo. Furushi limefika tarehe 11. Dhamana walikwenda kuitia saini kwenye bonde la pili tarehe 30 Juni, saa nne asubuhi. Hawakusogeza.

Sitakuandikia maneno makali, niliyatumia yote Aprili. Nakueleza kilichotokea tu.

Nilimpelekea Fimbo madaftari ofisini. Ni chumba kidogo kuliko unavyofikiria, kina feni isiyozunguka na mafaili hadi dirishani. Aliyafungua moja moja. Alipofika kigingi cha saba na kuona ulivyoandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "ongeza tisa, mshika fimbo yuko sahihi," alitoka nje. Nilimsubiri muda mrefu.

Jumamosi akaita mkutano, darasa lile lile. Watu walikuja na hasira, walishasikia. Mama yule wa posa akasimama akasema, "Tuambie ukweli mkurugenzi. Mpimaji alikataa kutupa madaftari? Alitunyima?"

Fimbo akasema, "Mpimaji aliyatuma mapema. Yalifika ofisini kwangu, yakalala kwenye mafaili. Mzembe ni mimi."

Kaka, walimzomea. Mzee mmoja ambaye Fimbo alimtafutia mtoto wake kazi aligeuza uso akakataa mkono wake. Aliyekuwa akija na kutoka hapa kama mwana wa kijiji alitembea hadi kwenye gari peke yake, na mtu akamtupia neno kwamba mshenga amelala na mahari. Jioni alipita nyumbani, lakini hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni. Nikamwambia, "Kwa nini umesema uongo? Wewe uliyekuwa ukituhubiria habari za muhuri?" Akasema, "Huu haukuwa na muhuri, dada." Kisha akasema kwamba wewe ukirudi siku moja, ni vizuri ukute watu wanaokusalimia.

Wizara imesema itafungua nafasi nyingine mwakani, lakini sasa watu hawamtaki yeye aisimamie, wameandika barua aondolewe. Asipokuwepo yeye sijui nani atatupigania.

Pacha mkubwa ameleta gari la mizigo kuangalia vyombo. Nimemwambia nitahama mwisho wa Desemba.

Mdogo wako,
Mama Pacha

*

2 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili bila kutoka.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu sijabakiwa na kitu kingine cha kukuambia. Nilipofika pale aliposema "mzembe ni mimi," jambo la kwanza lililonijia halikuwa shukrani, wala aibu. Ulikuwa ni wivu. Nilimwonea wivu hata hapo. Nilijisemea, tazama, amechukua kiti, amechukua jina, amechukua mkono wa Baba na neno lake la mwisho, na sasa amechukua hata kosa langu, na amelivaa likampendeza.

Kosa lile ni langu. Ndilo kitu pekee nilichokitengeneza katika bonde lile kwa miaka thelathini na moja, na simpi. Mengine yote abaki nayo. Kiti alikitia msumari, ni chake. Miezi aliyokaa na Baba siwezi kuidai kwako, wala kwake. Lakini hili, hapana.

Itisha watu darasani. Wasomee barua hii kwa sauti, yote, pamoja na hapa. Waambie: madaftari yalikuwa chini ya kitanda changu. Nilidanganya kwamba yamepotea kwa sababu niliona uchungu kazi yangu ifanikiwe mikononi mwa mtu niliyemfundisha kugawanya. Mkurugenzi hakulala. Aliniandikia mapema, nami nikakaa nikichora mistari ya kumshinda. Wizara wasimwondoe. Nafasi ya mwakani ikifunguliwa, na asimame yeye, na vipimo vipo mezani kwake, vyenye sentimita tisa zake.

Wasomee, tafadhali. Kisha niandikie walisemaje.

Kaka yako

*

21 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua nimeipokea, na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa chini.

Sikuisoma darasani, na sitaisoma. Nilimwonyesha Fimbo peke yake. Aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari, kama ulivyomfundisha, akanirudishia akasema nifanye nipendavyo.

Nipendavyo ni hivi. Mkutano wa kuamua kama abaki au aondolewe ni tarehe 12 Oktoba, saa tatu, kwenye madawati yale yale yanayoumiza magoti. Serikali iliwafungulia ninyi mliofukuzwa njia ya kurudi miaka tisa iliyopita, na kila mwaka umenipa sababu, mara goti, mara vitabu, mara sikio. Nimekuwa nikizikubali kwa sababu wewe ni mkubwa.

Kosa lako bado liko kwa mtu mwingine, na linamwelemea. Ukilitaka, njoo ulichukue mwenyewe.

Nitakuwa nimekuwekea nafasi kwenye dawati, karibu naye.

Mdogo wako,
Mama Pacha